Kijani Hakitoshi: Mjadala Kuhusu Dashibodi ya Kusawazisha Mafaili

Syncthing ni programu huria ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta na kompyuta. Ilianzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, na sifa yake kubwa ni kwamba haina makao makuu: hakuna seva moja ya kati inayohifadhi mafaili ya wote. Kompyuta ya Mwanza huitafuta ya Dar es Salaam, kila moja ikiitambua nyingine kwa namba ndefu inayotokana na cheti chake cha kidijitali, kisha hupelekeana vipande vya mafaili vilivyofungwa kwa siri. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, vipande vilivyokwisha kufika havirudiwi.

Uzuri huo una gharama. Pasipo na makao makuu hapana pia mahali pa kwenda kuuliza kama mambo yako sawa. Kila kompyuta ina ukurasa wake wa kuiendesha programu, unaofunguliwa kwa kivinjari katika anwani 127.0.0.1, poti 8384, na anwani hiyo huonekana na aliyekaa mbele ya kompyuta hiyohiyo tu. Ofisi yenye kompyuta sita ina kurasa sita, na hakuna hata mmoja unaosimulia habari za ofisi nzima. Ndipo linapokuja wazo la dashibodi: ukurasa mmoja wa wavuti unaokusanya hali ya folda zote na kuionyesha kwa yeyote anayehitaji kujua.

Wazo linapendeza masikioni. Likishafika mezani kwa watu wa kazi tofauti, linagawanya nyumba. Tuchukue kituo cha redio cha kubuni, chenye makao Dar es Salaam na waandishi Mwanza, Kigoma na Mtwara wanaotuma sauti za mahojiano kwa Syncthing. Mezani wako watatu. Fundi wa mitambo ni binti kijana aliyeileta programu hiyo na sasa anaitaka dashibodi. Mlinzi wa mifumo ni kaka mwenye miaka mingi kazini, haitaki. Mhariri wa taarifa ya saa mbili usiku ni mama anayengoja sauti zifike kabla ya saa moja, na hadi sasa hajaulizwa anataka nini.

Fundi ndiye anayefungua. "Kila jioni napigiwa simu," anasema. "Mwanza wanasema wametuma, hapa wanasema hawajapata, nami naingia kompyuta moja baada ya nyingine kutafuta iliyokwama. Syncthing yenyewe inajua jibu. Inatoa taarifa zake kwa programu nyingine ikiulizwa kwa njia ya wavuti: folda ina mafaili mangapi, yamebaki mangapi, kifaa kipi kimeonekana mara ya mwisho saa ngapi, makosa yako wapi. Tangu 2023 inatoa hata vipimo kwa mtindo wa Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, ambavyo Grafana, programu ya kuchora michoro, huvichora bila shida. Kazi iliyobaki ni kukusanya tu."

"Kukusanya kwa ufunguo upi, mdogo wangu?" anauliza mlinzi.

Swali ni fupi, na ndilo zito kuliko yote yatakayosemwa kuhusu usalama. Programu inayotaka kuiuliza Syncthing lazima itoe ufunguo wa siri, na ufunguo huo haugawanyiki. Hakuna ufunguo wa kusoma tu. Unaoruhusu kuuliza folda imefikia asilimia ngapi ndio unaoruhusu kuongeza kifaa kigeni, kubadili folda, au kuizima programu kabisa. Mlinzi anaendelea: ili seva ya dashibodi izifikie kompyuta zote, mtu atabadilisha 127.0.0.1 kuwa 0.0.0.0, yaani mlango ufunguliwe kwa kila anayepita, kisha afungue poti kwenye ruta, kisha aandike funguo nne katika faili moja kwenye seva moja. "Aliyeiba seva hiyo ameiba redio nzima," anamaliza. "Waliotengeneza programu waliufungia ukurasa ule ndani ya kompyuta kwa makusudi. Sisi tunataka kuutoa nje kwa ajili ya rangi?"

Hapa mabishano ya namna hii hufa katika ofisi nyingi: mlinzi anakataa, fundi ananuna, na baadaye dashibodi inawekwa kimyakimya bila nenosiri. Fundi wetu anachagua njia nyingine, anageuza mwelekeo wa maswali. Hakuna seva itakayokwenda kuziuliza kompyuta. Ndani ya kila kompyuta kutakuwa na skripti fupi inayoiuliza Syncthing ya hapohapo, kwenye 127.0.0.1, kisha inatuma nje tarakimu chache tu: jina la folda, idadi ya mafaili yanayosubiri, saa ya ukaguzi wa mwisho, idadi ya makosa. Ufunguo hautoki kwenye kompyuta ulikozaliwa. Poti haifunguliwi. Na kwa waandishi wa mikoani wanaotumia modemu za simu, ambazo kwa kawaida haziwezi kufikiwa kutoka nje kwa sababu mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hii ndiyo njia pekee inayofanya kazi bila kuhangaika.

"Na atakayeiba seva ya dashibodi?"

"Ataiba tarakimu, kaka. Atajua Kigoma ina mafaili matatu yanayosubiri."

Katika hoja hii fundi ameshinda, na ameshinda kwa kumsikiliza mpinzani wake. Ofisi yoyote inayotaka kuweka dashibodi ya Syncthing ingeanzia kwenye mpangilio huu: kompyuta zijitangaze zenyewe, zisiulizwe kutoka nje. Wenye kompyuta zote katika chumba kimoja wanaweza kufanya vingine, lakini hao hawana shida kubwa ya kuanzia.

Mlinzi hajamaliza. Anataka kujua kama majina ya mafaili yatakuwemo. Fundi alikuwa amepanga kuyaonyesha, kwa sababu Syncthing hutaja faili la mwisho lililobadilishwa katika kila folda na jina lake hupendeza kwenye ukurasa. Mlinzi anamkumbusha jinsi waandishi wanavyoyaita mafaili yao: jina la aliyehojiwa, mahali, tarehe, wakati mwingine na neno "siri" lenyewe. Mtu aliyekubali kuzungumza na redio kwa masharti ya kutotajwa angetajwa na dashibodi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la mtu katika faili ni taarifa binafsi hata likiandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa jedwali. Majina yanatolewa. Hapo hakuna mjadala, wala hapastahili kuwa nao.

Ndipo mhariri anapoomba nafasi.

"Mimi mnanijengea nini?" anauliza. Fundi anamwonyesha mchoro: kila mkoa una mstari wake, kila folda ina asilimia, na duara la kijani likiwa 100. Mhariri anautazama kwa muda. "Mwanangu, saa moja kasorobo mimi nina swali moja. Sauti ya Mwanza imefika au haijafika? Duara hili likiwa kijani, niseme imefika?"

Fundi angependa kujibu ndiyo. Jibu la kweli ni hapana, na sababu zake ndizo kiini cha suala hili zima, kwa hiyo tukae nazo.

Ya kwanza ni kwamba asilimia ya Syncthing inalinganisha kilichopo na kinachojulikana. Mwandishi wa Mwanza akiweka faili kwenye folda, programu lazima kwanza iligundue. Kwa kawaida mfumo wa kompyuta huitaarifu ndani ya sekunde chache. Lakini folda ikiwa kwenye diski ya mtandao inayotumiwa na kompyuta kadhaa, taarifa hiyo huenda isije, na faili litagunduliwa kwenye ukaguzi wa jumla, ambao kama haukubadilishwa hufanyika kila baada ya sekunde 3,600. Kwa muda unaoweza kufika saa nzima faili lipo, Syncthing hailijui, na asilimia ni 100 kwa haki kabisa.

Ya pili inahusu kompyuta iliyozimwa. Ukiiuliza Syncthing ya Dar es Salaam hali ya Mwanza wakati Mwanza haina umeme, itakupa hesabu kutokana na orodha ya mwisho iliyopokea. Kama wakati ule walikuwa sawa, utaletewa 100. Programu yenyewe haidanganyi, kwa kuwa pamoja na asilimia inaleta maelezo mengine yanayosema hali ya upande wa pili haijulikani. Dashibodi nyingi zinazoundwa kwa haraka huchukua tarakimu na kuyaacha maelezo.

Ipo na kioja cha upande wa pili. Ikiwa hakuna data ya kuletwa ila kuna mafaili yanayosubiri kufutwa tu, Syncthing huishusha asilimia hadi 95 ili ionekane kazi bado ipo. Ni namba iliyochaguliwa na watengenezaji, haitokani na kipimo. Mhariri akiiona 95 saa moja kasorobo atadhani asilimia tano ya mahojiano haijafika, atamtoa mtangazaji studio, kumbe kila sauti imefika na kilichobaki ni kufuta taka za wiki iliyopita.

"Basi nitafungua folda yenyewe niangalie," anasema mhariri. Wala hajakosea. Syncthing huandika faili linaloingia kwa jina la muda na hulipa jina lake halisi likikamilika, kwa hiyo faili lionekanalo kwa jina lake ni faili zima. Folda ni shahidi mzuri wa kilichofika. Udhaifu wake ni kwamba kwa kisichofika haisemi lolote: mwandishi hajarekodi, amerekodi hajaweka, ameweka haijagunduliwa, imegunduliwa inasubiri mtandao, au diski ya Dar es Salaam imejaa? Hali zote tano zina sura moja, nafasi tupu kwenye orodha. Kazi halali ya dashibodi ni kuzitenganisha hali hizo, na hapo ndipo mhariri na fundi wanaanza kuzungumza lugha moja.

Mhariri anapendekeza kitu ambacho fundi hakukifikiria. Kila robo saa, kompyuta ya Mwanza iandike ndani ya folda kijifaili chenye saa ya wakati huo. Dar es Salaam ikisome na kutangaza kina umri gani. Kikiwa na dakika 12, njia nzima kutoka diski ya Mwanza hadi diski ya Dar es Salaam imefanya kazi dakika 12 zilizopita, na hakuna haja ya kuamini asilimia ya mtu. Mbinu hii haiitegemei Syncthing. Anayetumia rsync, programu nyingine ya kusawazisha mafaili iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, anaweza kuitumia vilevile, na mwenye Nextcloud pia.

Fundi anaipenda, kisha anaitafutia kasoro, kama fundi anavyopaswa. Syncthing isipoelekezwa vingine huleta mafaili kwa mpangilio wa bahati nasibu, kwa hiyo kijifaili cha herufi chache kinaweza kuingia mapema huku mahojiano ya saa nzima yakisubiri. Dawa ni mbili kwa pamoja: kompyuta inayopokea ipangwe kuleta ya zamani kwanza, na mstari usipewe kijani hadi kijifaili kiwe kipya, mafaili yanayosubiri yawe sifuri, na upande wa pili uwe umeunganishwa. Kimoja kikikosekana, mstari useme kipi, kwa maneno: "Mwanza haijaonekana tangu saa kumi na dakika tano." Sentensi hiyo inamfaa mhariri kuliko duara la rangi yoyote, maana inamwambia ampigie nani simu.

Mlinzi, aliyekuwa kimya, sasa anatoa hoja yake nzito zaidi. "Tuseme yote hayo yamefanyika vizuri. Nani ataitazama? Wiki ya kwanza wote. Mwezi wa pili itakuwa imefunguliwa kwenye televisheni ya ukutani na hakuna anayeinua macho. Mimi nataka ujumbe kwenye simu ya fundi pale kitu kinapoharibika. Kikiwa sawa, nisisikie lolote."

Ni hoja ya kuheshimiwa, na iko historia inayoiunga mkono nusu na kuibomoa nusu. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipozikimbilia nakala rudufu za kila siku walikuta hazipo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 huku hifadhidata ikiwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho unaotakiwa na kanuni za barua pepe. Wahandisi walikaa kwa amani, kwa kuwa hakuna ujumbe uliokuja. Wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono yapata saa sita kabla, na kazi ya watu ya saa hizo ikapotea.

Ujumbe wa hatari peke yake, basi, una ugonjwa uleule wa duara la kijani: kimya chake kina maana mbili. Tiba inayojulikana ni kugeuza zamu. Kompyuta ijitangaze kila baada ya dakika kadhaa kwamba iko hai, na anayengoja atoe kelele asiposikia. Mpangilio wa fundi unalifanya hilo tayari, kwa sababu skripti ya kila kompyuta inatuma tarakimu zake bila kuulizwa. Kilichohitajika ni seva kuhesabu kimya kama habari. Dakika kumi bila neno kutoka Kigoma, mstari unabadilika kuwa "haijulikani" na simu ya fundi inalia. Mlinzi anakubali, kwa sharti kwamba ujumbe utangulie kujengwa na ukurasa ufuate. Ana haki ya kupewa sharti hilo.

Linabaki swali la mahali pa kuuweka ukurasa. Fundi alitaka kukodi seva ndogo ughaibuni, kwa bei nafuu. Februari 28, 2017, huduma ya S3 ya Amazon ya kuhifadhi data iliyumba huko Virginia baada ya amri iliyoandikwa vibaya kuondoa seva nyingi kuliko zilizokusudiwa. Kwa takriban saa mbili Amazon haikuweza kubadilisha hali za huduma kwenye ukurasa wake, kwa sababu chombo cha kuubadilishia kiliitegemea S3 yenyewe. Wateja walipewa habari kupitia Twitter. Mwenye kutaka mfano wa karibu akumbuke Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Siku kama hiyo, seva ya ughaibuni inaweza kuwa nzima na ukurasa usifunguke Dar es Salaam, saa ambayo mhariri anauhitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa kituo hiki jibu linaloonekana sawa ni kuuweka ukurasa ndani ya jengo la redio, kwenye kompyuta isiyokuwa ile inayopokea sauti, na kumwachia mtu wa nje, hata huduma ya bure, kazi moja tu ya kulia pale seva hiyo inaponyamaza. Seva haihitaji nguvu. Panapohitaji uangalifu ni skripti za mikoani: maelezo ya Syncthing yenyewe yanaonya kwamba swali la hali kamili ya folda linailemea kompyuta na linapaswa kuulizwa kwa nadra. Skripti inayouliza kila sekunde tano kwenye kompyuta ndogo ya Mtwara itachelewesha sauti zilezile inazozihesabu. Mara moja kwa dakika inatosha kwa redio.

Jambo moja zaidi limesemwa na mlinzi wakati watu wanakusanya vitabu vyao, na lilistahili kusemwa mwanzoni. Kusawazisha si kuweka akiba. Mtu wa Mwanza akiifuta folda nzima kwa bahati mbaya, Syncthing itaipeleka habari ya kufuta kwa uaminifu hadi Dar es Salaam, na dakika chache baadaye kila mstari utakuwa kijani: mafaili yanayosubiri sifuri, kijifaili kipya, pande zote zimeunganishwa. Programu ina ulinzi fulani, ikiwemo alama ndogo ya .stfolder ambayo ikikosekana, kwa mfano diski ikichomolewa, folda husimama badala ya kudhani kila kitu kimefutwa. Ina pia uwezo wa kutunza matoleo ya zamani ya faili, lakini usipouwasha hauwaki. Mlinzi anataka dashibodi iwe na safu ya idadi ya mafaili katika folda na itoe onyo idadi ikishuka ghafla. Fundi anaiandika, na anaandika pia nakala rudufu kama kazi ya peke yake, yenye mstari wake.

Kwa hoja hizi, upande wa dashibodi umeshinda, ila dashibodi iliyoshinda siyo ile iliyoletwa mezani. Michoro imepungua, majina yameondoka, asilimia imeshushwa cheo, na neno "haijulikani" limepata nafasi ambayo haikuwepo kwenye mchoro wa kwanza. Anayepanga kuweka ukurasa wa namna hii ofisini kwake na aufanyie jaribio moja kabla ya kuukabidhi: azime kompyuta ya mbali bila kumwambia mtu, kisha apime muda hadi ukurasa ukiri kwamba haujui habari zake. Zikipita dakika kumi na mstari bado uko kijani, ukurasa huo usipewe mhariri.